Pete ya Mukuku na Vyuma Vilivyobaki Juu

Hotuba kwa wanafunzi na walimu wa ufundi wa metali, Malindi

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, nawasalimu kwa heshima. Na ninyi wanafunzi wa karakana, mliokuja na ovaroli zenu zikiwa bado na vumbi la grainda, nawashukuru kwa kuacha kazi mkanisikilize.

Nianze na jambo mnalolikumbuka. Tarehe 30 Desemba 2024, mchana, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Kipenyo chake mita 2.5 hivi, uzito wake kama kilo 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, lilikwenda likaichukua, likaeleza kuwa ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyeumia.

Nchi nzima iliuliza: je, ingeangukia nyumba ya mtu? Ni swali la haki kabisa. Lakini mimi nimelelewa na biashara ya vyuma, na nilipoiona picha ya pete ile nilishikwa na uchungu wa namna nyingine. Kilo mia tano za metali safi, iliyochongwa kwa vipimo vya unywele, ikapandishwa hadi huko juu kwa gharama isiyosemeka, halafu ikaachwa izunguke tu mpaka irudi kutuangukia! Kwa nini haikutumika hukohuko ilikokuwa? Hilo ndilo lililonileta kwenu leo. Nataka tuzungumze habari ya kuokota vyuma vilivyokufa angani na kuvifanya kuwa vitu vingine bila kuvirudisha chini.

Msidhani ni mambo ya watu wa mbali. Hapo Ngomeni, safari fupi tu kutoka tulipokaa, miguu ya San Marco, jukwaa la kurushia roketi, bado imesimama baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, Waitaliano na Wamarekani waliirusha kutoka pale setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kuchunguza miali ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Wakaiita Uhuru, kwa heshima ya nchi hii. Ilifanya kazi miaka miwili na ushei, ikazimika, ikaendelea kuzunguka ikiwa maiti, na mwaka 1979 ikaungua ilipoingia kwenye hewa. Kwa hiyo babu zenu waliokuwa wakivua Ngomeni waliuona mwanzo wa jambo hili kwa macho yao.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana fundi asiyepiga hesabu huuza kwa hasara. Roketi ya Falcon 9 ikisimama tayari kuruka ina uzito wa takriban tani 549. Mzigo mkubwa kabisa inaoweza kuufikisha kwenye obiti ya chini, yaani njia ya karibu ya kuizunguka dunia, ni tani 22.8. Yaani katika kila kilo 100 zinazosimama pale chini, zinazofika ni kama 4. Nyingine ni mafuta yanayoungua na mwili wa roketi yenyewe.

Na ile kilo iliyofika haikukaa tu mahali. Inakimbia kilomita saba na nusu kwa sekunde moja. Ukitia mwendo huo kwenye kanuni mliyofundishwa ya nishati mwendo, utapata megajuli 28 kwa kila kilo. Je, kuyeyusha kilo moja ya alumini kutoka joto la chumba hiki mpaka iwe uji wa moto kunataka nishati kiasi gani? Megajuli moja, na chembe. Kumbe gharama ya tanuri ni ndogo mno ukiilinganisha na ya safari. Aliyekwisha kulipia safari akaitupa metali kwa kuuogopa moto wa kuiyeyushia, amekosea hesabu.

Vitu vilivyotengenezwa na binadamu vinavyoizunguka dunia, vizima na vifu pamoja, uzito wake umepita tani 13,000. Hatari yake mnaijua: tarehe 10 Februari 2009 setilaiti hai ya Iridium 33 iligongana na Kosmos 2251 ya Urusi iliyokuwa imekufa, juu ya Siberia, na vipande zaidi ya 2,000 vikubwa vya kuonekana kwa rada vikatawanyika. Kila kipande kinaweza kuvunja kingine, kama alivyoonya Donald Kessler wa NASA, shirika la anga la Marekani, tangu 1978. Sitakaa sana hapo. Habari ya hatari imesemwa na wengi. Habari ya mali bado haijasemwa vya kutosha.

Na kurudisha uhai wa chombo kilichokufa si ndoto, kulishafanyika kabla wengi wenu hamjazaliwa. Februari 1984 chombo cha Challenger kiliachia setilaiti mbili za mawasiliano, Palapa B2 ya Indonesia na Westar 6 ya kampuni ya Marekani. Mota za kuzipandisha hadi mahali pake zilifeli zote mbili. Zikabaki chini mno, nzima lakini hazina kazi. Wenye bima walilipa, na kwa kulipa wakawa ndio wamiliki. Novemba mwaka huohuo wakatumwa wanaanga wa chombo cha Discovery kwenda kuzichukua.

Hapa ningependa wachomeleaji mnisikilize. Dale Gardner na Joe Allen walitoka nje. Walikuwa na kifaa maalumu cha kuishikia Palapa, kimetengenezwa kwa vipimo, kimejaribiwa chini. Kufika pale, kuna kijitokezo kidogo juu ya setilaiti ambacho hakikuwa kwenye hesabu, na kifaa kikakataa kukaa. Wakafanyaje? Joe Allen akaishika setilaiti kwa mikono yake miwili, kitu cha zaidi ya nusu tani, akakituliza, na mwenzake akafunga vifungo upande wa pili. Alikaa hivyo muda wa kuizunguka dunia nzima, kama dakika 90. Nani hapa hajawahi kumshikia mwenzake bomba wakati anachomelea, mikono ikiuma, huwezi kuachia? Ni kazi ileile.

Setilaiti zote mbili zilirudishwa, zikasafishwa, zikauzwa. Aprili 1990 zote mbili zikapanda tena: Westar 6 ikiwa na jina jipya la AsiaSat 1, ikirushwa kutoka China, na Palapa siku chache baadaye. Mtumba wa angani ukaenda kufanya kazi miaka mingine. Angalieni lakini kilichorahisisha kazi ile. Mwenye mali alijulikana, karatasi zilikuwa mkononi, na waliozikwea walikuwa na michoro yake. Nitalirudia jambo hilo.

Nije kwenye tanuri.

Mjomba wangu alikuwa na kibanda Kamukunji, Nairobi, akisubu sufuria na vipuri kwa alumini chakavu. Mikokoteni ilikuja asubuhi na mapema: pistoni, rimu, vifuniko vya gia, masufuria yaliyotoboka. Kazi yangu ya kwanza nikiwa mvulana ilikuwa kuchambua. Sumaku kwanza, kuondoa vyuma. Halafu nyundo: unagonga, unasikiliza. Halafu tupa: unakwaruza, unatazama rangi na jinsi unga wake unavyodondoka. Alumini ya sufuria ni laini, inapinda. Ya pistoni ina silikoni, ni kavu, ukiigonga pembeni inameguka. Mjomba alikuwa akiniambia, "Mwanangu, ukizichanganya umepoteza zote mbili." Na ni kweli, kwa sababu mchanganyiko ule haukufaa kwa sufuria wala kwa pistoni.

Siku moja nilifanya uzembe. Ndani ya gunia kulikuwa na kopo la dawa ya kupulizia, limefungwa, lina mabaki. Nililitupa kalibuni pamoja na vingine bila kulitoboa. Mlio wake sijausahau. Alumini iliyoyeyuka ikaruka ikampata mjomba kwenye mkono wa kulia, kuanzia kiwiko mpaka kiganja. Hakunipiga. Alikaa majuma matatu bila kushika koleo, na aliporudi kazini jambo la kwanza alilofanya ni kunionyesha jinsi ya kutoboa kopo kwa msumari kabla halijakaribia moto. Alifariki akiwa na kovu lile.

Ninawasimulia hivi kwa sababu kila kilichotokea pale Kamukunji kinawangoja watakaoyeyusha vyuma angani. Vipande vya juu vya roketi vilivyoachwa huko vina matangi, na baadhi ya matangi yana mabaki ya mafuta na gesi iliyoshindiliwa. Vingine vimelipuka vyenyewe baada ya miaka mingi, na milipuko hiyo ni chanzo kikubwa cha vifusi tulivyonavyo. Betri nazo zinapasuka. Ndiyo maana siku hizi warushaji wanatakiwa kumwaga mafuta yaliyobaki na kutoa umeme wote kwenye betri kazi inapokwisha. Ni ule msumari wa mjomba.

Ugumu mwingine hauko Kamukunji, uko kule tu. Hapa chini mkiyeyusha, mavi ya chuma yanaelea juu, mnayaondoa kwa kijiko. Mapovu ya gesi yanapanda yanatoka. Kule hakuna juu wala chini. Povu linabaki katikati ya metali, uchafu unabaki ulipo, na ukisubu hivyo utapata kitu chenye matundu ndani kama mkate. Itabidi uizungushe metali, au uivute kwa sumaku ya umeme. Na joto je? Hapa upepo unapoza. Kule hakuna hewa, joto linatoka kwa kung'aa tu, polepole. Lakini pia kuna neema zake. Ombwe lililoko nje karibu halina oksijeni ya kutia kutu mpya kwenye alumini iliyoyeyuka. Jua halina wingu. Na metali iliyoyeyuka unaweza kuishikilia ikiwa inaelea katikati ya koili ya umeme, haigusi kalibu, haichukui uchafu wa ukuta.

Hatuanzi sifuri. Mwaka 1969, ndani ya chombo cha Kisovieti cha Soyuz 6, mwanaanga Valery Kubasov alijaribu kuchomelea metali angani kwa mara ya kwanza. Julai 25, 1984, Svetlana Savitskaya alitoka nje ya kituo cha Salyut 7, akawa mwanamke wa kwanza kutembea angani, na kazi iliyompeleka nje ilikuwa kukata na kuchomelea. Dada zetu mlioko karakana hii, mwanamke wa kwanza kutoka nje ya chombo alitoka akiwa na kifaa cha kuchomelea mkononi! Mei 2022 kampuni ya Nanoracks ilikata kipande cha chuma kisichoshika kutu katika ombwe la angani, kwa mkono wa roboti. Na mwaka 2024 printa ya metali ya Shirika la Anga la Ulaya ilianza kuchapa vipande vya chuma ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, ikiyeyusha waya kwa leza.

Kinachonipa matumaini zaidi ni jambo moja la akili sana. Kampuni ya Australia iitwayo Neumann Space imetengeneza mota ndogo ya kusukuma setilaiti ambayo mafuta yake ni fimbo ya metali, na kampuni ya Marekani, CisLunar Industries, inashughulikia kuyeyusha metali chakavu ziwe fimbo za namna hiyo. Mnaona uzuri wake? Mafuta hayahitaji kuwa sufuria bora wala pistoni bora. Ule mchanganyiko aliouogopa mjomba unapata kazi. Naamini kazi ya kweli ya kwanza ya chuma chakavu cha angani itakuwa hiyo, kuwasukuma waokotaji wenyewe waende kuokota kingine. Mihimili na fremu za viwanda vitafuata baadaye.

Maana kuokota kwenyewe ndiko kunakotesa. Msifikirie mkokoteni unaopita mtaa kwa mtaa. Kila kitu kule kina njia yake, na njia hizo zimeinama kila moja kwa pembe yake. Ukitaka kuipinda njia yako kwa nyuzi 60 tu, itakubidi ubadili mwendo kwa kiasi kilekile cha mwendo wote ulio nao, yaani kama kurushwa upya. Kwa hiyo karakana moja ya kukusanya vyote haiwezekani. Inabidi uende palipo na lundo. Na malundo yapo. Kwenye kimo cha kilomita 840 hivi, njia zikiwa zimeinama kwa nyuzi 71, kuna vipande vya juu vya roketi za Zenit za enzi ya Wasovieti na Warusi, zaidi ya 15, kila kimoja kikipita tani 8. Ni zaidi ya tani 120 kwenye mtaa mmoja. Wataalamu wanavitaja miongoni mwa vitu vya hatari kuliko vyote huko juu. Mimi navitaja kama ghala.

Na tunajua kuvifikia. Februari 2024 kampuni ya Kijapani ya Astroscale ilirusha chombo cha ADRAS-J kikaenda kukitafuta kipande cha roketi ya H-IIA kilichoachwa huko tangu 2009, chenye urefu wa mita 11 na uzito wa tani 3, kisicho na taa wala redio ya kusema kilipo. Kikakikuta, kikakizunguka, kikapiga picha, na mwisho kikakisogelea hadi mita 15.

Basi kinachozuia ni nini? Wengi hudhani ni tanuri. Kwangu mimi ni karatasi.

Mnakumbuka Januari 2022 serikali ya Kenya iliposimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa. Wengi wa watu wangu walilala njaa. Lakini sababu yake tuliielewa, kwamba chuma kisichojulikana kilikotoka ni jinai inayosubiri mnunuzi. Sasa angani sheria ni kali kuliko hapo. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unasema kitu kilichorushwa kinabaki chini ya mamlaka ya nchi iliyokisajili, na umiliki wake haubadiliki kwa sababu tu kiko juu. Hakuna muda unaopita kikahesabika kimetupwa. Baharini, jamani, ninyi watu wa pwani mnajua, anayeokoa merikebu iliyopatwa na msiba ana haki ya malipo, na upo mkataba wa kimataifa wa 1989 unaosema hivyo. Angani hakuna haki kama hiyo. Kipande cha Zenit ni cha mwenyewe hata kikikaa miaka mia, na ukikigusa bila ruhusa umegusa mali ya dola.

Halafu kuna karatasi ya pili. Mkataba wa usajili wa 1975 unazitaka nchi zitoe jina la nchi iliyorusha, namba, tarehe na mahali pa kurushia, njia kinayopita, na kazi yake kwa jumla. Hauulizi kimetengenezwa kwa metali gani. Wala hauulizi tangi liko wapi au betri zimefungwa upande upi. Atakayekwenda kukata atakuwa kama mimi nilivyokuwa mbele ya lile gunia.

Ninalidai jambo hili kwa moyo wote: kila kinachorushwa kiwe na cheti cha metali, aloi gani (yaani mchanganyiko gani wa metali) na ziko wapi, tangi lipi litobolewe wapi. Kiwe na mahali pa kushikwa, tusimwombe mtu mwingine akumbatie setilaiti dakika 90. Na mwenye mali atie sahihi mapema kwamba chombo chake kikizimika, ataruhusu kiokotwe, na kwa masharti gani. Havihitaji ugunduzi wowote. Ni kuandika.

Kenya ni mwanachama wa Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Matumizi ya Amani ya Anga za Juu, ina kiti na ina sauti. Setilaiti yetu ya Taifa-1 ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023. Rwanda na Uganda zimepeleka za kwao. Sisi ni wapya, vyombo vyetu ni vichache, kwa hiyo kwetu ni rahisi kuanza vizuri. Taifa-2 ikitengenezwa, iende na cheti chake. Nchi ambayo kijiji chake kimeangukiwa na pete ya kilo 500 inaposimama kwenye mkutano ule kulisema hili, haombi hisani ya mtu.

Niwape mfano mmoja unaoniuma. Kituo cha Kimataifa cha Anga, chenye zaidi ya tani 400, kimepangwa kushushwa baada ya 2030 na kuzamishwa katika Bahari ya Pasifiki. Juni 2024 NASA iliipa kampuni ya SpaceX mkataba wa kutengeneza chombo cha kukishusha, thamani yake hadi dola milioni 843. Nimezisoma sababu zao na ni za watu makini: hakikuundwa ili kufunguliwa kipande kwa kipande kule juu, na kukipandisha kimo kunahitaji mafuta mengi kupita kiasi. Siwalaumu. Lakini kilibuniwa na watu ambao hakuna aliyewauliza, "Kikizeeka, bolti hii itafunguliwaje?" Swali hilo fundi wa gereji pale sokoni huuliza kila siku kabla hajakaza.

Nimekuja na vipande viwili. Hiki ni pistoni ya pikipiki, mnakijua. Hiki kingine nimekisubu mwenyewe kutokana na pistoni kama hiyo, na ubavuni nimegonga herufi kwa patasi: aina ya aloi, tarehe, na kilikotoka. Vipitisheni mkono kwa mkono, mkikwaruze kwa tupa mkitaka. Mwalimu wa karakana amewasha tanuri tangu saa tatu, na kuna gunia la alumini pale mlangoni ambalo halijachambuliwa. Tuvae glovu na miwani, twende. Yeyote atakayekuta kopo lililofungwa, aniite mimi kwanza.